Haldane, bwana aliyewafunza wazamiaji kupanda

KUZAMA baharini si kazi. Kazi ni kurudi juu. Maneno haya huenda yakamchekesha mvuvi wetu wa asili, ambaye huvuta pumzi moja, akazama kufuata kombe au kamba, kisha akaibuka kabla pumzi haijamwishia. Huyo kupanda kwake hakuna hesabu ndefu. Lakini yule anayezama na mtungi wa hewa mgongoni, akakaa chini nusu saa au zaidi, akivuta pumzi kama aliyeketi barazani kwake, huyo huwa amebeba mwilini mzigo asiouona. Mzigo huo hauna uzito wala maumivu maadamu yuko chini. Utamdai wakati wa kupanda. Asipoulipa kwa utaratibu, utamlipisha kwa maumivu ya viungo, kwa kupooza, au kwa roho yake.

Ukenda Watamu, Malindi, Diani au Wasini, utawaona wazamiaji wamevaa mkononi kidude mfano wa saa. Hiyo ndiyo kompyuta ya mzamiaji. Kazi yake ni kupima kina na muda, kisha kumwambia mwenyewe amebakiwa na dakika ngapi, na apande vipi. Watu huinunua kwa fedha nyingi. Ni wachache wanaojua kwamba hesabu inayopigwa ndani yake ilianzwa na mtu aliyezaliwa miaka mingi kabla ya taa za umeme kuingia majumbani, na ambaye hakuiona kompyuta hata moja maishani mwake.

Mtu huyo ni John Scott Haldane. Nataka kuwasimulia maisha yake, kwa kuwa naamini mtu hawezi kukichagua vyema chombo cha kumtunzia roho bila ya kujua chombo hicho kinafikiri nini, na ni nani aliyekifunza kufikiri.

MTAFITI WA HEWA

Haldane alizaliwa mwaka 1860 mjini Edinburgh, nchini Scotland, katika ukoo wenye jina. Nduguye, Richard, alikuwa waziri wa vita wa Uingereza tangu 1905 hadi 1912, kisha akapanda hadi cheo cha juu kabisa cha sheria nchini humo. Dada yao, Elizabeth, alikuwa mwandishi. John hakuvutwa na siasa. Alisomea udaktari Edinburgh akahitimu mwaka 1884, lakini badala ya kukaa akitibu wagonjwa, alishika njia ya utafiti. Na kitu alichokitafiti umri wake wote ni kitu ambacho sisi sote hukitumia bila kukifikiria: hewa.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa katika mji wa Dundee. Huko yeye na wenzake waliingia usiku katika nyumba za walala hoi, familia nzima imelala chumba kimoja, wakachukua hewa ndani ya chupa ili wakaipime. Walitaka kujua hewa ya maskini ina nini na hewa ya matajiri ina nini. Mwaka 1887 alihamia Oxford, ambako mjomba wake alikuwa profesa wa elimu ya mwili, na huko ndiko alikokaa hadi kufa kwake. Mwaka 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter. Walipata watoto wawili, na wote wawili walikuja kuwa mashuhuri: Jack, ambaye dunia inamjua kwa jina la J.B.S. Haldane, bingwa wa elimu ya urithi wa viumbe. Na Naomi Mitchison, mwandishi wa vitabu vingi, ambaye baadaye kabila la Bakgatla la Botswana lilimpokea kama mama na mshauri wao.

Mwaka 1896 serikali ilimtaka achunguze sababu za vifo katika milipuko ya machimbo ya makaa ya mawe. Watu walidhani kwamba wachimbaji walikuwa wakiuawa na moto na kishindo. Haldane aliichunguza miili ya waliokufa na kuona kwamba wengi hawakuguswa na moto. Waliuawa na gesi ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuinyima oksijeni. Alipotaka kujua gesi hiyo humfanya nini mwanadamu, hakumtafuta mtu mwingine. Aliivuta mwenyewe, kipimo baada ya kipimo, huku akitolewa damu na kuandika hali yake mpaka mkono ukashindwa.

Kutokana na kazi hiyo akashauri wachimbaji wateremke na kiumbe mdogo, panya au ndege. Mwili mdogo hutumia hewa kwa kasi zaidi, hivyo gesi humwangusha ndege mapema na mchimbaji akapata nafasi ya kukimbia. Ndege aina ya kanari walitumika katika machimbo ya Uingereza kwa miaka mingi, na kustaafishwa kwao kulitangazwa mwaka 1986. Naomba msomaji amkumbuke ndege huyu, maana nitamrudia.

Mwanawe Jack naye aliingizwa katika elimu hii mapema. Siku moja baba alimteremsha mgodini penye gesi ya methani, akamwambia asimame asome kwa sauti hotuba kutoka mchezo wa Julius Caesar, ule ule ambao marehemu Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili. Kijana alianza kusoma, mara miguu ikalegea akaanguka. Pale chini alipoangukia hewa ilikuwa safi, akazinduka. Methani ni nyepesi, hukaa juu. Jack hakulisahau somo hilo. Wazazi wa leo huenda wakashangaa, lakini ndivyo nyumba hiyo ilivyokuwa: kwanza jijaribu mwenyewe, ndipo uwaambie watu.

Mwaka 1905 Haldane na mwenzake Priestley walitoa utafiti ulioonyesha kwamba kinachotusukuma kuvuta pumzi, kwa kawaida, si ukosefu wa oksijeni bali ni kuzidi kwa hewa chafu ya kaboni dayoksidi katika damu. Ugunduzi huo ndio uliomfikisha baharini.

MARADHI YASIYO NA JINA

Kwa miaka mingi kabla ya hapo palikuwa na maradhi ya ajabu yaliyowapata watu waliofanya kazi ndani ya hewa iliyoshindiliwa. Wachimbaji wa misingi ya madaraja, waliofanya kazi chini ya mito ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa, walikuwa wakitoka kazini wazima, kisha baada ya muda mfupi wakajikunja kwa maumivu. Mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn huko New York, Washington Roebling, alipatwa na maradhi hayo mwaka 1872 na hakupata afya yake kamili tena. Wazamiaji wa sifongo wa visiwa vya Ugiriki nao, walipoanza kutumia kofia za shaba na pampu za hewa, walikufa na kupooza kwa wingi.

Mfaransa Paul Bert alieleza sababu yake mwaka 1878. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa kiasi cha sehemu nne katika tano. Juu ya nchi naitrojeni haina kazi mwilini. Inaingia na kutoka. Lakini kila mita 10 za maji zinaongeza mwilini shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Mita 10 ni mara mbili, mita 20 ni mara tatu, mita 30 ni mara nne. Shinikizo likizidi, naitrojeni hushindiliwa ndani ya damu na nyama. Mtu akipanda ghafla, hutoka kwa viputo, kama vile chupa ya soda ifunguliwapo. Viputo hivyo vikikaa katika kiungo ni maumivu. Vikikaa katika uti wa mgongo ni kupooza.

Sababu ilijulikana, ila dawa haikujulikana. Wakubwa waliwaambia wazamiaji wapande polepole, kwa mwendo mmoja, tangu chini hadi juu. Sisi tunaosema kwamba haraka haraka haina baraka tungeliona shauri hilo kuwa la busara. Hata hivyo watu waliendelea kuumia.

MBUZI NDANI YA TANGI

Mwaka 1905 jeshi la majini la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza uzamiaji wa maji marefu, na Haldane akawemo. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba wazamiaji waliokuwa wakihema na kuzirai kule chini hawakuwa dhaifu. Pampu zao zilikuwa hazitoi hewa ya kutosha, na kaboni dayoksidi ilikuwa ikijaa ndani ya kofia. Kadiri mtu ateremkavyo, ndivyo pampu inavyotakiwa kumpa hewa zaidi. Shida moja ikawa imepata ufumbuzi.

Kwa shida ya pili alitumia tangi kubwa la chuma lililokuwako katika Taasisi ya Lister, London. Pamoja na daktari Arthur Boycott na afisa wa majini Guybon Damant, alilitia mbuzi, akalijaza hewa ya shinikizo kubwa, kisha akaitoa kwa njia mbalimbali na kutazama. Mbuzi alichaguliwa kwa kuwa mwili wake ni mkubwa kiasi cha kukaribia wa mwanadamu, na kwa kuwa dalili zake huonekana wazi: mbuzi aliyepatwa na maumivu huinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Baada ya mbuzi, watu wenyewe waliingia tangini.

Hapa ndipo Haldane alipoona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wazamiaji waliofanya kazi kwenye kina cha mita 12 hivi walikuwa wakipanda moja kwa moja, hata baada ya kukaa chini muda mrefu, na hawakuugua. Yaani mwili unaweza kustahimili shinikizo kupungua kwa nusu. Akajiuliza: ikiwa ni salama kutoka mbili kwenda moja, je, si salama vilevile kutoka nne kwenda mbili, au sita kwenda tatu? Akalijaribu. Mbuzi waliotolewa katika shinikizo la angahewa 6 wakafikishwa 2.6 hawakudhurika. Wengine walitolewa 4.4 wakafikishwa 1, na baadhi yao waliugua. Kiasi kilichoshuka ni kile kile, 3.4, lakini matokeo ni mbalimbali. Jambo kubwa, basi, ni uwiano baina ya shinikizo unalolitoka na lile unaloliendea.

La pili alilolifahamu ni kwamba mwili haulowi naitrojeni kwa mwendo mmoja. Akina mama wanajua: ukiloweka mchele, pojo na maharage katika chungu kimoja kwa wakati mmoja, mchele utalowa kwanza, na maharage yatangoja sana. Damu na ubongo hujaa upesi. Mafuta na viungo huchelewa. Haldane aliugawa mwili, kwa hesabu, katika mafungu matano. La kwanza hujaa nusu kwa dakika 5, la pili kwa dakika 10, kisha 20, kisha 40, na la mwisho kwa dakika 75. Fungu la dakika 5 hufika nusu baada ya dakika 5, robo tatu baada ya 10, na linaendelea hivyo hivyo. Wakati wa kutoka ni hesabu hiyo hiyo, ila kwa kugeuzwa.

Ndipo alipoutambua ubaya wa ule upandaji wa mwendo mmoja. Mtu aliye mita 50 akianza kupanda kwa kujivuta, yale mafungu yanayochelewa bado yanaendelea kujaa njiani, kwa kuwa angali katika maji marefu. Anadhani analipa deni kumbe anakopa. Na akikaribia juu, mahali pa hatari hasa, mwendo wake huwa haupungui. Haldane akasema apande kwa kasi ya kiasi mpaka shinikizo lifike nusu, kisha asimame. Akae hapo dakika kadhaa, apande futi 10, asimame tena, na kila kituo kikaribiacho juu kiwe kirefu kuliko kilichotangulia. Polepole ndio mwendo, lakini iwe mahali pake.

Mwaka 1906 hesabu hiyo ilipelekwa baharini, katika maji ya magharibi ya Scotland, juu ya meli ya kivita iitwayo Spanker. Damant na mwenzake Catto waliteremka hadi futi 210, yaani mita 64, wakapanda kwa vituo vya Haldane na kutoka wazima. Hata Jack, kijana wa miaka 13, alivalishwa vazi la mzamiaji na kuteremshwa. Vazi lilikuwa kubwa kwake na maji yakaingia, akatoka amelowa chapachapa, lakini salama.

Majedwali yake yalichapishwa mwaka 1908 na jeshi la majini likayashika. Mwaka 1915 Wamarekani walitumia njia hiyo ya vituo walipozama zaidi ya futi 300 karibu na Honolulu kuitafuta nyambizi F-4. Na kuanzia 1917 hadi 1924, Damant yule yule aliongoza wazamiaji kuopoa dhahabu ya meli Laurentic iliyozama pwani ya Ireland. Walizama zaidi ya mara 5,000, wakatoa vipande 3,186 vya dhahabu kati ya 3,211, na hakufa mzamiaji hata mmoja. Kwangu mimi, idadi hiyo ya vifo, ambayo ni sifuri, ina thamani kuliko dhahabu.

SAFARI YAKE YA MWISHO

Haldane hakukaa akajisifu. Mwaka 1911 alipanda mlima Pikes Peak huko Colorado, Marekani, kuchunguza hewa nyepesi ya mlimani. Mwezi Aprili 1915, Wajerumani walipowatupia askari gesi ya sumu huko Ypres, serikali ilimpeleka Ufaransa kuitambua. Aliitambua kuwa ni klorini. Aliporudi alijifungia na wenzake katika chumba chenye gesi hiyo ili kutafuta kinga ya kuwavika askari.

Alipofika miaka 75, umri ambao wengi wetu hutaka kuachwa tupumzike, alisafiri hadi Iran na Iraq kuchunguza kwa nini wafanyakazi wa mitambo ya mafuta walikuwa wakianguka kwa joto. Jua la Ghuba halina msamaha. Wazee wetu wa majahazi walilijua. Alirudi Oxford akapatwa na homa ya mapafu, akafariki usiku wa kati ya tarehe 14 na 15 Machi 1936.

Baada yake wengine waliichukua kazi. Iligunduliwa kwamba uwiano wa mbili kwa moja haulingani kwa mafungu yote, na kwamba kwa wanaokaa chini sana majedwali yake hayakutosha. Mmarekani Robert Workman alirekebisha hesabu hiyo mwaka 1965. Daktari Albert Bühlmann wa Zürich, Uswisi, aliongeza mafungu hadi 16, yule achelewaye zaidi akihitaji dakika 635 kujaa nusu. Mwaka 1983 zilitoka sokoni kompyuta za kwanza zilizofaulu, mojawapo ikiwa ni Edge ya Marekani. Tangu hapo hesabu iliyokuwa ikifanywa kwa kalamu kabla ya kuzama ikawa inafanywa mkononi, kila sekunde chache, ndani ya maji.

KUCHAGUA KOMPYUTA

Nina mpwa wangu anayeongoza wageni kuzama huko kaskazini ya Mombasa. Alipotaka kununua kompyuta yake alinijia, si kwa kuwa mimi ni mzamiaji, bali kwa kuwa mjomba huombwa shauri, na pengine na nyongeza ya fedha. Alikuwa na picha za aina nyingi, nyingine za kung'aa kama saa za bwana harusi. Nilimsimulia habari za Haldane kama nilivyowasimulia ninyi, kisha tukalitazama jambo moja moja.

Kwanza ni kioo. Je, kinasomeka katika maji yenye ukungu, kwa kutupa jicho mara moja? Tarakimu za kina, muda uliopita na muda uliobaki ziwe kubwa na zisichanganyike. Chombo chenye elimu yote ya Zürich hakifai kitu ikiwa mwenyewe hakioni.

Pili ni hesabu iliyomo. Nyingi za leo hutumia hesabu ya Bühlmann au jamaa zake. Kompyuta mbili zikizamishwa pamoja zinaweza kutoa dakika mbalimbali, si kwa kuwa moja ni mwongo, bali watengenezaji wamechagua kiasi mbalimbali cha tahadhari. Nunua ile inayokuruhusu kuongeza tahadhari, na ujifunze kuiongeza. Ili uone uzito wa jambo hili, majedwali ya PADI yanayotumiwa na wanafunzi wengi yanatoa dakika 56 kwa mita 18, lakini dakika 20 tu kwa mita 30. Mita 12 za ziada zimekula zaidi ya nusu saa.

Tatu ni betri. Uliza kama waweza kuibadili au kuichaji mwenyewe hapa hapa, au kama chombo lazima kipelekwe ng'ambo. Nne, ikiwa utatumia hewa iliyoongezwa oksijeni, wanayoiita naitroksi, hakikisha kompyuta yaweza kuwekwa kipimo chake. Kuonyesha hewa iliyobaki mtungini ni jambo zuri, lakini ni ziada. Geji ya kawaida bado yafanya kazi hiyo.

Tano, kompyuta iwe yako peke yako. Hapa vijana wetu hawana budi kusikiliza. Kompyuta hukumbuka naitrojeni ya mzamo wa asubuhi unapozama jioni. Ukimwazima mwenzio katikati, itakuwa inahesabu mwili wa mtu mwingine. Wawili wanaozama pamoja kila mmoja awe na yake, na wafuate ile yenye kuwaambia wapande mapema.

Sita, wageni wanaporudi kwao huwauzia viongozi wao kompyuta za mtumba. Si vibaya kununua, ila kwanza izamishwe sambamba na nyingine unayoiamini, usome kina cha zote mbili. Tazama mfuniko wa betri na mpira wake. Na upate kitabu cha maelezo.

Kisha sikiliza inapolia. Kasi ya kupanda inayokubaliwa siku hizi ni mita 9 au 10 kwa dakika, na kituo cha dakika 3 kwenye mita 5 ni desturi njema hata pale isipodaiwa. Anayepanda ndege naye angoje: saa 12 au zaidi baada ya mzamo mmoja wa kawaida, saa 18 au zaidi baada ya mizamo mingi. Na kabla ya yote hayo, uliza tangi la kutibia wazamiaji lililo karibu liko wapi, na mgonjwa hufikishwaje.

Sasa namrudia yule ndege wa mgodini. Kanari alikuwa kengele nzuri kwa sababu alivuta hewa ile ile ya mchimbaji, kwa mapafu na damu yake. Kompyuta haivuti pumzi. Inajua kina, inajua muda, basi. Haijui kama umelala au umekesha arusini. Haijui umri wako, unene wako, wala baridi uliyoihisi. Mwezi wa Ramadhani haijui kwamba umefunga na koo limekauka, na madaktari huhesabu upungufu wa maji mwilini miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari ya maradhi haya. Kiongozi aliyefunga, mwenye wageni wa asubuhi na wa alasiri, atapewa dakika zile zile kama aliyekula na kunywa. Kupunguza kina, kupunguza muda, au kumwachia mwenzake zamu, hayo ni maamuzi yake, si ya chombo.

Haldane aliutoa mwili wake ujaribiwe, akapata hesabu. Hesabu hiyo ni ya miili mingi kwa jumla, na kila mzamiaji ana mmoja tu. Mpwa wangu alichukua ile ya kioo kikubwa, isiyong'aa, yenye betri anayoweza kuibadili mwenyewe, akaiongezea tahadhari siku ile ile. Fedha zilizobaki alinirudishia, jambo ambalo si la kawaida kwa wapwa.